Povu ni la Mkono, si la Chupa

Mpenzi msikilizaji, marehemu bibi yangu mzaa mama alikuwa na kauli moja iliyokuwa ikitutisha sana sisi wajukuu zake. Tulipomuuliza babu alifanya kazi gani enzi za Mwingereza, alijibu bila kupepesa macho: "Babu yenu alikuwa akifuga jini." Basi tulitazamana kwa hofu. Tulimpiga picha babu yetu amekaa mbele ya chetezo cha ubani, akizungumza na viumbe wasioonekana.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipong'amua kwamba bibi alikuwa akitutania. Jini aliyekuwa akimsema hakuwa yule wa mibuyuni. Ilikuwa jini ya kwenye chupa, ile pombe kali nyeupe kama maji ambayo Waingereza waliipenda kuliko chai. Babu alikuwa mhudumu wa baa katika klabu moja ya walowezi wa mkonge kule Tanga, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kutikisa. Alitikisa jini, ndimu, sukari na ute wa yai ndani ya kopo, hadi vikatoka vimevaa povu jeupe. Wenyewe walikiita kinywaji hicho jini fizi.

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya povu hilo. Mapema kabisa niseme kwamba simhimizi mtu kunywa. Wako wasikilizaji wangu ambao dini zao zimewakataza, wako waliokatazwa na madaktari, na wako waliojikataza wenyewe baada ya kuona yaliyomkuta jirani. Wote nawaheshimu. Lakini historia ya binadamu imepita katika glasi zake pia, na mwenye kutaka kujua nani alikuwa bwana na nani alikuwa mtumishi, na aangalie nani alikaa mbele ya kaunta na nani alisimama nyuma yake.

Habari yenyewe ilianzia nyumbani kwangu. Mtoto wa mdogo wangu anasoma katika chuo kimoja cha hoteli. Jumamosi moja alikuja na karatasi ya mazoezi, amekunja uso. Akaniambia, "Mama mkubwa, hebu soma hapa. Eti kinywaji kimoja kinatikiswa dakika kumi na mbili! Huyu mwalimu anatukomoa." Nikaisoma ile karatasi. Kinywaji kilichoandikwa kilikuwa Ramos Gin Fizz, na mji kilikozaliwa ni New Orleans, katika jimbo la Louisiana, Marekani.

Tuanzie huko basi, kisha tutarejea Tanga.

New Orleans ni mji wa bandari, uko karibu na pale mto Mississippi unapomwaga maji yake katika Ghuba ya Mexico. Ni mji wa joto na unyevunyevu, kama pwani yetu miezi ya kaskazi. Mwaka 1888 mtu mmoja aitwaye Henry C. Ramos alikuwa na baa mjini humo iliyoitwa Imperial Cabinet. Humo ndimo alimobuni kinywaji ambacho hadi leo kinaitwa kwa jina lake.

Fizi ya kawaida haikuwa jambo geni wakati huo. Wamarekani walikuwa wameshazoea kuchanganya jini, maji ya limau na sukari, kuvitikisa kwa barafu na kumalizia kwa maji ya soda. Ukiongeza ute mweupe wa yai, walikiita fizi ya fedha. Ukiongeza kiini, kilikuwa fizi ya dhahabu. Na ukitia yai zima, wakakipa cheo cha kifalme. Alichofanya Ramos ni kuichukua ile fizi ya fedha na kuivika nguo za sikukuu. Aliweka limau pamoja na ndimu. Akaongeza malai, yaani ile krimu inayoelea juu ya maziwa. Kisha akadondosha matone machache ya maji ya maua ya mchungwa, ambayo ni ndugu wa yale marashi ya waridi tunayonyunyiziana kwa mrashi kwenye maulidi na harusi.

Kila kimoja kati ya vitu hivyo kilikuwa na safari yake. Jini asili yake ni Uholanzi, ambako pombe ya nafaka ilitiwa harufu ya vitunda vya mti uitwao mreteni. Ilipovuka bahari na kuingia London, iliwavuruga maskini wa mji ule kiasi kwamba Bunge la Uingereza lilipitisha sheria baada ya sheria kuidhibiti, ikiwemo ile maarufu ya mwaka 1751. Maji ya soda yalitokana na majaribio ya mwanasayansi Joseph Priestley, ambaye mwaka 1767 aligundua namna ya kuingiza hewa ya ukaa ndani ya maji. Barafu nayo, kabla ya kuja mashine, ilikatwa kwa misumeno kutoka katika maziwa yaliyoganda kaskazini mwa Marekani, ikafunikwa kwa maranda ya mbao na kusafirishwa kwa meli hadi nchi za joto. Tajiri mmoja wa Boston, Frederic Tudor, alipeleka shehena yake ya kwanza katika kisiwa cha Martinique mwaka 1806. Watu walimcheka. Baadaye mwaka 1833 barafu yake ilifika hadi Calcutta, India, na vicheko vikakoma.

Lakini msikilizaji, vitu vyote hivyo unaweza kuvinunua. Kisichonunuliwa dukani ni povu.

Hapa naomba niingie kidogo katika sayansi, na akina mama wanaopika keki watanielewa haraka. Ute wa yai kwa sehemu kubwa ni maji, karibu asilimia 90. Sehemu inayobaki karibu yote ni protini. Protini hizo zimejikunja kama mafundo ya uzi. Ukizipiga au kuzitikisa kwa nguvu, mafundo yanafunguka, nyuzi zinashikana zenyewe kwa zenyewe, na katikati yake zinanasa hewa. Hilo ndilo povu. Maji ya limau yanasaidia povu lisimame na sukari inalipa uzito. Tatizo ni malai. Mafuta ni adui wa povu, na kila mpika keki anajua kwamba tone moja la kiini likiingia kwenye ute, atapiga mpaka mkono uchoke. Sasa huyu bwana Ramos alitia ute wa yai na malai katika kopo moja! Vitu viwili visivyopatana, akaviamuru vipatane. Upatanisho huo haukuwa na njia ya mkato. Ulitaka mikono, tena mikono mingi.

Na mikono aliipata. Mwaka 1907 Ramos alihamia katika baa nyingine iliyoitwa The Stag, na sifa zake zikazidi kuvuma. Aliajiri vijana ambao kazi yao ilikuwa moja tu, kutikisa. Inasimuliwa kwamba walijipanga mstari nyuma ya kaunta, na mmoja alipochoka alimkabidhi mwenzake kopo, na huyo naye alipochoka akalipeleka mbele, hadi kinywaji kikaiva. Katika sherehe za Mardi Gras za mwaka 1915, zile shamrashamra zinazofanyika kabla ya Kwaresima, vijana hao walikuwa 35. Walitikisa karibu mikono ichomoke mabegani, na bado hawakuweza kuwatosheleza wateja.

Kwa Kiingereza waliitwa "shaker boys". Kwa Kiswahili cha enzi zile tungesema maboi wa kutikisa.

Neno hilo, boi, lilinifanya niiweke karatasi chini kidogo. Wasikilizaji wa umri wangu na walionizidi wanalijua. Katika nyumba za wakoloni mtu mzima, baba wa watoto sita, mwenye mvi, aliitwa boi. Palikuwa na boi wa nyumbani, boi wa shambani, boi wa ofisini. Nami babu yangu alikuwa boi wa baa.

Ramos mwenyewe, tumtendee haki, hakuwa mtu mbaya kwa kadiri anavyosimuliwa. Ingawa aliuza pombe, hakuvumilia ulevi katika baa yake, na husemekana alifunga milango mapema, saa mbili usiku. Hata hivyo, katika simulizi zote nilizozisoma, yeye anatajwa kwa jina na wale 35 wanatajwa kwa idadi. Jina la glasi likabaki la mwenye baa. Lakini jasho la povu lilikuwa la watu ambao wasimuliaji hawakuona haja ya kuwauliza wanaitwa nani.

Tena tukumbuke huo ulikuwa mji gani na wakati gani. Mwaka 1892, miaka minne tu baada ya Ramos kubuni kinywaji chake, fundi viatu mmoja wa New Orleans aitwaye Homer Plessy alipanda behewa la Wazungu kwa makusudi, ili kuipinga sheria ya Louisiana iliyotenganisha abiria kwa rangi. Alikamatwa. Kesi yake ilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1896 majaji wakaamua kwamba ubaguzi huo ni halali. Uamuzi huo ulifungua mlango wa sheria nyingine nyingi za namna hiyo. Mwaka 1908 Louisiana ikapitisha sheria ya baa, ikikataza weupe na weusi kuuziwa pombe katika jengo moja. Mtu mweusi aliweza kusimama nyuma ya kaunta ya Wazungu akifanya kazi. Kuketi mbele yake akahudumiwa, hapana.

Wako wachache waliopenya. Mmoja ni Tom Bullock, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Louisville, Kentucky, aliyekuwa mchanganyaji wa vinywaji katika klabu moja ya matajiri huko St. Louis. Mwaka 1913 rais mstaafu Theodore Roosevelt alipokuwa mahakamani akimshitaki mhariri aliyemwita mlevi, alijitetea kwamba katika klabu ile alionja kidogo tu kinywaji alichopewa, hakukimaliza. Gazeti moja la St. Louis likamcheka, likiuliza ni nani duniani aliyepata kuachia katikati kinywaji cha Tom Bullock. Mwaka 1917 Bullock akachapisha kitabu chake cha vinywaji, na ndiyo maana leo tunalijua jina lake. Aliyeandika hakusahauliwa. Waliotikisa tu wakasahauliwa.

Kisha likaja pigo lililowakumba wote, mwenye baa na maboi wake. Wamarekani waliibadili katiba yao na kupiga marufuku pombe nchi nzima. Mwaka 1919 Ramos akafunga milango. Marufuku hiyo ilidumu hadi Desemba 1933, lakini yeye hakuishi kuuona mwisho wake. Alifariki mwaka 1928. Kabla ya kufa alifanya jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawalifanyi: siri ya kinywaji chake, aliyoilinda miaka yote ile, aliitoa hadharani ikachapishwa gazetini. Kila mtu akaweza kukitengeneza nyumbani kwake.

Baada ya marufuku kuondolewa, aliyekipigia debe kuliko wote alikuwa mwanasiasa. Huey Long, aliyepata kuwa gavana wa Louisiana na baadaye seneta, alikipenda kinywaji hiki kupita kiasi. Mwaka 1935 alimchukua mchanganyaji aitwaye Sam Guarino kutoka Hoteli ya Roosevelt ya New Orleans na kumpeleka hadi New York, ili awafundishe wenzake wa hoteli moja kubwa ya huko namna ya kukitengeneza sawasawa. Seneta alisimama mbele ya waandishi wa habari na wapiga picha, akionja glasi moja baada ya nyingine. Miezi michache haikupita, Septemba mwaka huohuo, alipigwa risasi katika jengo la serikali la jimbo lake na kufariki siku mbili baadaye.

Sasa msikilizaji, turudi nyumbani.

Mwaka 1890, kinywaji cha Ramos kikiwa na umri wa miaka miwili, mataifa ya Ulaya yalitia saini mkataba mjini Brussels. Mkataba ule ulihusu biashara ya utumwa, lakini ulikuwa na sehemu iliyohusu silaha na nyingine iliyohusu pombe kali. Waliuchukua ukanda mkubwa wa Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini, wakauwekea mipaka ya kuingiza na kutengeneza pombe hizo. Nchi zetu zote za Afrika Mashariki zimo katika ukanda huo. Mwaka 1919, mwaka uleule Ramos alipofunga baa yake, mkataba mwingine ulitiwa saini huko Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, ukakaza zaidi kamba hiyo.

Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri masikioni, yaani kumlinda mwenyeji na madhara ya pombe. Na kweli pombe kali ina madhara, hilo hakuna anayebisha. Lakini katika makoloni sheria ilipima kwa rangi. Mzungu aliletewa jini yake kwa meli, akainywa jioni akitazama bahari. Mwafrika, hata awe mwalimu, hata awe karani, aliachiwa pombe za kienyeji, tena kwa vibali na mahali palipopangwa. Marufuku ile ilikuwa na rangi, na ililegezwa tu katika miaka ya mwishomwisho ya ukoloni.

Na mkatazwa naye ana akili zake. Watu waligema na kukoroga usiku, wakatokosa porini na kwenye mabonde. Kenya Wazungu waliipa pombe hiyo ya moshi jina la jini ya Wanubi. Sisi Tanganyika tukaita gongo. Uganda ikaitwa waragi, na wengi husimulia kwamba jina hilo lilitokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya jini ya vita. Serikali ya Uganda huru ilitunga sheria mwaka 1965 kuitia pombe hiyo mkononi mwa dola, na ndipo ikazaliwa waragi ya kiwandani. Kenya iliihalalisha chang'aa kwa masharti mwaka 2010. Ni safari ndefu, na njiani tumezika watu wengi waliokunywa sumu wakidhani ni kinywaji.

Katikati ya mambo hayo ndipo alipokuwa amesimama babu yangu, miaka ya mwanzo ya 1950, amevaa kanzu nyeupe na mkanda mwekundu, kopo mkononi. Alikuwa akitikisa kinywaji ambacho sheria ilimkataza kukitia mdomoni. Kila jioni aliweza kujua kwa kusikiliza tu kama kimeiva. Kila jioni alikimimina, akakiweka kwenye sinia, akakipeleka. Mkono wake ulijua vema kila hatua, na ulimi wake haukujua lolote.

Nilimsimulia haya yote mpwa wangu jikoni siku ile, na tukakubaliana tukijaribu kinywaji chenyewe. Mama yangu, ambaye amevuka miaka 70 na hajapata kuonja kileo maishani mwake, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni akichambua mchele. Hakusema neno.

Kwa faida ya wenye kutaka kujua, tulifanya hivi. Tulitia katika kopo lenye kifuniko kinachobana jini mililita 45, maji ya limau kijiko kimoja cha chakula, maji ya ndimu kijiko kimoja, sukari laini kijiko kimoja, malai vijiko viwili, ute wa yai moja, na matone matatu ya maji ya maua ya mchungwa. Uangalifu unatakiwa na matone hayo, kwani yakizidi utakuwa unakunywa sabuni. Yai liwe bichi la siku hiyo, na hata hivyo nawaonya wajawazito, wazee, watoto na wagonjwa waliache kabisa, kwa kuwa yai bichi linaweza kubeba vijidudu vya maradhi. Maji mazito yaliyochemshiwa dengu nayo yanatoa povu. Kwanza unatikisa bila barafu ili protini zifunguke. Kisha unatia barafu na kutikisa tena. Halafu unachuja katika glasi ndefu na kumimina maji ya soda taratibu pembeni, na povu linapanda lenyewe hadi linasimama juu ya mdomo wa glasi kama kofia.

Ndivyo inavyoandikwa. Ilivyokuwa ni kwamba mpwa wangu alitikisa dakika mbili akaanza kuhema. Nilimpokea, nikatikisa dakika moja na nusu, bega likaniuma. Kopo lilikuwa limeganda kwa baridi, vidole vinateleza. Tulipomimina, povu lilipanda kidogo, likapasuka, likarudi chini. Tukabaki na kitu kama maziwa yaliyoharibika.

Ndipo mama aliposukuma ungo pembeni.

"Mnatikisa kama mnafukuza kuku," alisema. "Leteni hapa."

Akaagiza tutayarishe kopo jingine, lakini hilo lisiwe na jini. Tulitia maji ya machungwa badala yake. Akafunga kitenge vizuri, akalishika kopo kwa mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini, akalipeleka juu ya bega la kulia. Akaanza. Hakutumia nguvu nyingi. Mwendo wake ulikuwa mmoja, wa mkono na kiuno pamoja, kama mtu anayetwanga. Mimi na mpwa wangu tulisimama tukimtazama. Nilimfahamu mama yangu miaka yote ya maisha yangu, na sikupata kumwona akifanya vile.

Alisimama akasikiliza. Akatikisa tena. Akasema, "Barafu ikinyamaza, imeiva. Povu ni la mkono, si la chupa. Baba alikuwa akisema hivyo."

Alipomimina, povu lilipanda likasimama.

Tulipokaa kunywa ile yake ya machungwa, ndipo alipotusimulia. Baba yake alikuwa akiwatengenezea watoto wake fizi ya machungwa kila sikukuu ya Idi, na yeye kama mtoto mkubwa ndiye aliyefundishwa kutikisa. Usiku wa kuamkia Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, mama alikuwa na umri wa miaka minane. Babu alifanya kazi hadi baada ya saa sita usiku. Wageni walipokwisha kuondoka, alifunga milango, akatikisa glasi moja ya mwisho, akaiweka juu ya kaunta. Kisha akazunguka. Akaja mbele, akavuta kile kiti kirefu, akakaa. Wakati ule sheria haikuwa ikimzuia tena, lakini katika miaka yote ile hakuwa amekaa upande huo hata mara moja.

"Akanywa?" mpwa wangu aliuliza.

"Alionja kwa ncha ya ulimi," mama alisema. "Akarudi nyumbani alfajiri akamwambia mama yangu, 'Kumbe ni limau na mayai tu.' Akacheka sana. Sijui alikuwa anacheka nini. Hakupata kuigusa tena."

Mama aliinuka akaingia chumbani, akatoka na bahasha iliyokuwa imegeuka rangi. Ndani mlikuwa na cheti cha kazi cha babu, alichoandikiwa na uongozi wa klabu alipoacha kazi. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne. Kwa Kiingereza kizuri kilichopigwa chapa, walimsifu. Walisema huyu boi wa baa ni msafi, mwaminifu, hajapata kulewa kazini, na anatengeneza fizi nzuri. Niliisoma mara mbili nikitafuta jina lake. Halikuwamo. Alikuwa ametumikia miaka kumi na mmoja.

Mpenzi msikilizaji, simlaumu mtu aliyepiga chapa cheti kile. Huenda alidhani amemtendea wema. Lakini ndivyo mtu anavyofutwa: haihitaji tusi wala kiboko. Inatosha kumsifu bila kumtaja.

Leo hoteli zetu, kuanzia Nungwi hadi Arusha, kuanzia Diani hadi Entebbe, zimejaa vijana wanaotikisa. Wengi wana vyeti vya chuo, wanazungumza lugha tatu, wanajua kutofautisha limau na ndimu kwa harufu. Bado wapo wageni, na wapo wenyeji pia, wanaowaita kwa kupiga vidole. Bado wako mameneja wanaokula sifa za povu ambalo hawakulitikisa. Nawaomba jambo dogo sana. Ukiletewa glasi, iwe ya jini au ya maji ya ukwaju, muulize aliyeitengeneza anaitwa nani. Halafu umwite kwa jina hilo.

Mpwa wangu alirudi chuoni Jumatatu na mazoezi yake. Kulikuwa na sehemu mwishoni mwa karatasi iliyouliza, nani alikufundisha? Wenzake waliandika jina la mwalimu. Yeye aliniomba kalamu, akaandika jina la babu yangu kwa ukamilifu, lake, la baba yake na la babu yake, yote matatu. Pembeni ya jina akaandika kazi: mchanganyaji wa vinywaji, Tanga.

Mama alivaa miwani, akaisoma karatasi ile polepole, akairudisha. Kisha akamwambia mjukuu wake aandike tena vizuri, herufi moja ilikuwa imekosewa.

Hadi wiki ijayo, msikilizaji, nakutakia siku njema.